Walichokiona ni Shuka Tu

Ukitaka kujua watu wanavyoishi, usimuulize jirani. Muulize dobi. Dobi anajua nani analala na viatu, nani anakunywa chai kitandani na nani analowanisha mto kwa machozi. Kwenye kiwanda kile cha udobi, kilichofua mashuka ya hoteli na hospitali karibu zote za mji, wafanyakazi walijua siri za watu wasiowahi kuwatia machoni. Ajabu ni kwamba lililokuwa likitendeka katikati yao, mchana kweupe, hawakulijua. Aliyelijua alikuwa mmoja, naye aliona haya kulisema.

Kazini walimwita Chiriku. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti vyake, kwani nani angemwita vingine mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo? Alikuwa akiongea na toroli, akiongea na mashine za kukaushia, akiimba mpaka mafundi wa boila wanamsihi awaonee huruma. Lakini wiki kadhaa sasa alikuwa kimya. Wenzake walisema ni uchumba, msichana akikaribia kuolewa hujifunza utulivu. Watu hawakosi jibu.

Asubuhi ile, kama kila asubuhi, kiongozi wa zamu alisimama mbele ya meza ndefu za kukunjia akatangaza jozi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnalishika wawili, kila mmoja pembe zake mbili, mnalikung'uta, mnalikunja, kisha mnasogeleana mpaka mikono ikutane na mmoja ampokee mwenzake pembe. Mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Ukikunja na mtu kutwa nzima utajua alikula nini asubuhi. Ndiyo maana kupangiwa jozi halikuwa jambo dogo.

Kiongozi huyo wa zamu waliyemwita Pasi, kwa kuwa alianzia kwenye pasi za mvuke na kwa kuwa hakupenda kuona mkunjo popote, iwe kwenye kitambaa au kwenye uso wa mtu, ndiye aliyekuwa mchumba wa Chiriku.

"Chiriku na Mjomba," akatangaza, akimtupia jicho lile la siri ambalo kila mtu alilijua.

"Sikunji naye," akasema Chiriku.

Toroli moja lililokuwa limeanza kuvutwa likasimama.

"Unasema?" Pasi aliuliza, tabasamu bado liko usoni, halijapata habari.

"Nimesema sikunji naye. Nipange na mtu mwingine. Nipange na ukuta ukitaka, lakini siyo yeye."

"Ala! Leo Chiriku kapata sauti!" mtu akasema kwa nyuma, na kicheko kikapita.

Mjomba akasogea mbele. Alikuwa msimamizi mkuu, mtu wa shati jeupe na manukato ya kiasi, mvi zimemkaa vizuri kama kazinunua. Kwa Pasi alikuwa mjomba wa damu, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu baba yake alipofariki na kumtafutia kazi pale. Kwa wengine wote alikuwa Mjomba wa heshima tu, mtu wa utani, mwepesi wa kuuliza habari za watoto. Msimamizi hana ulazima wa kukunja mashuka, ila yeye alipenda kuchukua jozi moja kila asubuhi. Alisema anajinyoosha mgongo.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "nimekukosea nini? Sema hapa hapa mbele ya wenzako, tuelewane."

Akatabasamu. Alijua Chiriku hawezi.

Chiriku, mtu aliyekuwa na neno la kila mtu, alitafuta neno moja la kusema mbele ya umati ule asilipate. Si kwamba hakuwa na maneno. Alikuwa nayo tele, alikuwa akiyarudia usiku kucha. Lakini kila neno lililotaja jambo lile lilimvua nguo yeye, siyo Mjomba. Uso ukamwaka. Akatazama sakafu, na kwa wote waliomwona wakati ule alionekana kama mtu mwenye kosa.

Pasi akamwita pembeni, kwenye chumba cha pasi, akafunga mlango. Mvuke ulikuwa umejaa humo na shati lake lilikuwa limeanza kumganda mgongoni. Ni chumba hicho hicho Pasi alimomwambia anampenda. Kabla hajapandishwa cheo walikuwa jozi, na kila shuka liliwaleta uso kwa uso, wakatengana, likawaleta tena, mpaka siku moja Pasi alipokea pembe na mikono ya Chiriku asiiachie. Alimwuliza kwanza, "Nikiishika utakasirika?" Chiriku alikuwa hajawahi kuulizwa swali zuri kama lile.

"Unanifanyia nini?" Pasi sasa alinong'ona kwa ukali. "Mbele ya watu wote! Jumapili Mjomba ndiye anakuja kwenu kuzungumza kwa niaba yangu. Unajua nimemsihi kiasi gani? Unajua alivyokuwa akisema, 'huyo wa maneno mengi, nyumba yako haitalala'?"

"Najua."

"Ndiyo nikakupanga naye, akuzoee, akuone ulivyo. Nikadhani nimefanya la maana."

"Ananishika, Pasi."

"Anakushika vipi? Kukunja si ndiyo kushikana mikono?"

Chiriku akafumba macho, maana akimtazama hawezi. Akasema kuhusu kidole gumba kinachotambaa kwenye kiganja chake kila anapopokea pembe. Akasema kuhusu mikono isiyoachia na maneno ya sikioni. Akafika Ijumaa, siku Mjomba aliporusha shuka likawafunika wote wawili, kiwanda kizima kikacheka. Akasema tu, "Kule chini ya shuka alinishika vibaya."

Mvuke ukavuma kwenye bomba.

"Labda ni utani wake," Pasi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba iwe hivyo. "Unamjua Mjomba. Anataniana na kila mtu. Ijumaa nilikuwepo, Chiriku. Tulikuwepo wote. Ulitoka mle unacheka."

Chiriku akafumbua macho.

"Kwa nini hukupiga kelele?" Pasi akaendelea. "Watu tele, mimi mwenyewe nimesimama pale. Kelele moja tu."

Kwa nini? Hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza kila alipozima taa. Kwa nini mdomo wote ule uligoma siku ulipohitajika? Na kile kicheko, kilitoka wapi? Aliona haya hata kukikumbuka.

"Sijui," akasema. "Lakini wiki ya kwanza kabisa nilikuomba unibadilishie jozi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Pasi alikumbuka. Ilionekana machoni.

"Ulisema, 'Mvumilie, ni mzee, mikono yake inatafuta pa kushikilia.' Ukacheka."

"Sikujua..."

"Nilikuwa nakuambia ili ujue."

"Mjomba amenilea!" Pasi akasema kwa sauti ya juu, kisha akaishusha haraka asisikike nje. "Unataka niende nikamwambie nini? Nianzie wapi?"

Chiriku akavua aproni, akaitundika kwenye mkono wa toroli. Alitaka Pasi amzuie. Mungu anajua alivyotaka amzuie. Pasi akanyoosha mkono, ukabaki hewani, na Chiriku akatoka kwa mlango wa nyuma.

Huko nyuma Mama Sabuni, mtoa madoa, alikuwa ameinamia beseni akisugua shuka la hospitali. Hakuinua kichwa.

"Kabla yako alikuwepo mwingine," akasema taratibu. "Mtoto mzuri tu. Akaacha kazi ghafla, tukasema kapata pazuri zaidi. Mimi niliona, nikanyamaza. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nimeficha usio wangu, na bado unaninyima usingizi."

Nyumbani mama yake alikuwa akianua nguo. Alipomwona binti yake mlangoni saa ya kazi, aliweka kapu chini bila kuuliza, akamwingiza chumbani, akafunga dirisha ndipo akauliza. Chiriku akasema yote, safari hii kwa kulia.

"Alikuingilia?"

"Hapana, Mama."

"Mungu ashukuriwe." Mama akaketi kitandani, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Basi yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Baba yako asisikie kabisa."

"Na Jumapili?"

"Jumapili aje, azungumze, uolewe, uhame kazi. Mwanangu, mimi si mjinga. Najua ana makosa. Lakini ukilitoa hili nje, yeye atabaki kuwa Mjomba na wewe utabaki kuwa yule msichana wa chini ya shuka. Watakutazama hivyo mpaka uzeeke. Mimi nawajua watu."

Alisema kwa mapenzi, hilo Chiriku hakulitilia shaka. Na alisema kwa haraka, kama mtu anayekumbuka.

Jua lilipoanza kupoa, hodi ikapigwa. Chiriku akasikia sauti ya baba yake ikikaribisha wageni, kisha sauti nyingine, laini, ya manukato ya kiasi. Mama akaingia chumbani.

"Amekuja mwenyewe. Na Pasi. Vaa kitu kizuri, utoke."

Baba alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa pale pale sebuleni, dirishani, imejaa saa za watu zilizofunguliwa matumbo, na yeye alikuwa amepandisha kioo chake cha kukuzia kwenye paji la uso ili awatazame wageni vizuri. Mjomba alikaa kwenye kochi kubwa na kikombe cha chai mkononi. Pasi alikaa kwenye stuli, karibu na kapu la nguo, ameinama. Chiriku alipotokea aliinua macho mara moja. Macho yao yakakutana, na pamoja na yote moyo wa Chiriku ukaruka. Moyo hauna adabu hata kidogo.

"Shikamoo," akasema, bila kumtazama anayemwamkia.

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Mjomba akamgeukia baba. "Kama nilivyokuambia, mzee mwenzangu, mimi sina kinyongo. Vijana wana damu moto. Amenijibu vibaya mbele ya wafanyakazi, kaacha kazi kaondoka. Mwingine angemfukuza. Mimi nikasema, hapana, huyu anakuja kuwa mkwe wetu. Mkubwa ni jalala. Nimeshamsamehe. Aseme neno moja tu hapa, tuelewane, na Jumapili tuje kwa furaha."

Amemsamehe! Chiriku alilisikia neno hilo likishuka tumboni kama chai iliyoungua.

"Ni kweli ulimjibu hivyo mkubwa wako?" Baba aliuliza.

"Nilisema sikunji naye, Baba."

"Kwa sababu gani?"

Mama akakohoa. Pasi akatazama miguu yake. Kwenye meza saa zile zilikuwa zikigonga, kila moja na wakati wake.

"Nauliza, kwa sababu gani?"

Chiriku akatazama kapu la nguo. Baba yake hakuwahi kumsikia akitaja hata jina la ugonjwa wa wanawake. Angelianzia wapi jambo hili, na mwenyewe amekaa pale, anakunywa chai kwenye kikombe cha wageni?

"Basi kama huna sababu," Baba akasema, bila hasira, "muombe radhi mkubwa wako, yaishe. Si vizuri."

Chiriku akamtazama Pasi. Hakumwomba mengi. Neno moja tu, hata nusu ya neno, hata akohoe. Pasi alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu, kucha zimekuwa nyeupe, na hakuinua kichwa. Hapo ndipo Chiriku alipoumia kuliko Ijumaa. Mjomba alikuwa mtu mbaya, na ubaya wa mtu mbaya una mwisho wake. Huyu alikuwa mtu mwema, tena wake.

Chiriku akasogea mbele. Wote wakadhani anakwenda kupiga magoti, na Mjomba akaweka kikombe mezani tayari kumpokea. Chiriku akainama kwenye kapu la nguo, akatoa shuka la kitanda cha wazazi wake.

"Pasi, njoo tukunje."

"Nini?"

"Simama. Tukunje, Baba aone kazi yetu."

Pasi akasimama kama mtu aliyeamshwa. Akashika pembe zake. Wakalikung'uta, wakalikunja, wakasogeleana, na mikono ikakutana kama ilivyozoea, hata pumzi zao zilikumbukana. Akampa pembe. Akarudi nyuma.

"Hivi ndivyo tunavyokunja, Baba. Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa tazama vizuri."

Akalikunjua, akalirusha juu, likawashukia wote wawili.

Kulikuwa na mwanga hafifu mle ndani, na joto, na uso wa Pasi ulikuwa karibu kiasi cha kuona kope zake. Kwa kitambo kidogo Chiriku alitamani wabaki humo, dunia iendelee na mambo yake. Kisha akamkamata shingo kwa nyuma, akambana kwa nguvu zake zote, na mkono wa pili akauteremsha akamshika pale ambapo hashikwi mtu bila ruhusa yake. Akamwekea mdomo sikioni.

"Nyamaza, mwanangu," akanong'ona. "Ukisema, nitasema ulinianza wewe. Yule mtoto nimemfuta kamasi mimi. Unadhani atamwamini nani? Tuelewane."

Mwili wa Pasi ukakakamaa. Hakumsukuma. Hakusema kitu.

Chiriku akavuta shuka, likaanguka sakafuni.

"Hahaa! Watoto hawa wana michezo!" Mjomba alikuwa akicheka. Baba naye alikuwa na kitabasamu cha mtu asiyejua acheke nini. Na Pasi, ndugu yangu, nywele zimemvurugika na macho yamemtoka, alikuwa akitabasamu. Midomo ilikuwa imejitanua yenyewe.

"Baba, umeona nini?" Chiriku akauliza.

"Nimeona shuka."

"Na wewe, Mama?"

Mama alikuwa ameshaelewa. "Shuka tu, mwanangu."

"Hata kazini walichokiona ni shuka tu." Akamgeukia Pasi. "Nimekushika wapi?"

Pasi akafungua mdomo. Akamtazama baba wa Chiriku, akaufunga.

"Baba yangu anakusikiliza. Sema. Nimekushika wapi?"

"Siwezi," Pasi akanong'ona.

"Kwa nini hukupiga kelele? Watu wapo, wamekaa hapo hapo. Mwili wote huo, ungenisukuma kwa mkono mmoja. Kelele moja tu, Pasi. Tena umetoka unacheka."

Lile tabasamu likamfia usoni. Akajishika midomo kama anayetaka kuhakikisha.

"Niliona aibu," akasema.

"Haya," akasema Chiriku. "Sasa nitasema mimi."

Akasema. Alisimama katikati ya sebule ya kwao na akataja mahali na akataja mkono, mbele ya baba yake, kwa maneno yenyewe, bila kuyavika nguo. Kila neno lilimchoma likitoka, na kila lilipotoka likawa halimo tena ndani yake. "Na nilipotoka nilicheka, Baba," akamalizia. "Wote walikuwa wanacheka, nikacheka. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Mjomba alikuwa ameshasimama. "Mzee, binti yako anaumwa! Mimi nimekuja kwa heshima, nimevua viatu mlangoni kwako, halafu natukanwa? Pasi, twende."

Pasi hakutikisika.

"Pasi!"

"Ulimwambia umenifuta kamasi," Pasi akasema. Alikuwa akilia bila sauti, kama watoto waliozoea kukatazwa. "Hakuna mwingine anayesema hivyo. Ni wewe, ukinikumbusha kwamba umenilea."

"Utamwamini huyu? Nani amekulea?"

"Wewe, Mjomba. Na mimi ndiye nimekuwa nikimpanga na wewe. Kila asubuhi, kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Mama yako atasikia haya. Na usije kunitafuta tena, kijana. Hunijui, sikujui."

Mama akasogea mezani, akachukua kikombe cha Mjomba kikiwa bado na chai nusu, akakipeleka jikoni na kumwaga. Baba akaenda mlangoni, akaufungua, akasimama pale ameushikilia mpaka mgeni wake akatoka na kuhangaika na viatu vyake nje. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akashusha kile kioo jichoni ingawa hakuwa na saa mkononi.

"Nilikwambia umwombe radhi," akasema. "Mbele yake. Nisamehe, mwanangu."

Hakuweza kumtazama. Chiriku akaenda akamwekea mkono begani, na mkono wa baba ukaja juu yake, ukabaki. Hawakusema lingine, kwa sababu hawakuwa na desturi ya kusema.

Pasi alimkuta Chiriku kibarazani. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu asiyejiamini tena na mikono yake.

"Kesho naenda kwa mwenye kiwanda," akasema. "Namweleza yote."

"Utaeleza yako. Kwamba nilikuomba ukakataa, kwamba ulikuwepo. Yangu nitayaeleza mwenyewe. Na Mama Sabuni ana yake."

"Tunaweza kufukuzwa wote."

"Tunaweza."

"Na Jumapili? Nitatafuta mtu mwingine wa kuja kuzungumza. Nitakuja hata peke yangu."

"Jumapili usije, Pasi."

Mtaani watoto walikuwa wanafukuzana na mpira, na mtu alikuwa anapiga honi bila sababu.

"Nimekuamini, Chiriku. Mbele yao wote nimesema nakuamini."

"Nimesikia." Alimtazama usoni, mahali alipopenda kutazama kuliko pengine popote. "Nilikuomba mara ya kwanza, ukacheka. Leo asubuhi nikakuambia waziwazi, ukaniuliza kelele. Umeniamini jioni, baada ya kushikwa wewe."

Pasi akainamisha kichwa. Hakujitetea, na kwa hilo Chiriku alizidi kuumia, maana angejitetea ingekuwa rahisi kumchukia.

"Basi hunipendi tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeshalala, nimepumzika. Yale ya Mjomba nimeyasema ndani mle, sasa ni aibu yake, abebe mwenyewe. Lakini nakupenda, Pasi. Umenisikia yote na hukunisikia, na bado nakupenda. Hiyo ndiyo aibu iliyonibakia, na hii sijui nimpe nani."

Akageuka, akaingia ndani.